Amefuta grafu yangu kwa KIGANJA mbele ya darasa zima!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mwalimu wa hesabu wa tuisheni ya jioni, mnamjua, wa koti la kaki jua liwake mvua inyeshe, leo kafuta grafu yangu kwa KIGANJA. Na dasta ipo mezani!

Swali: chora y = −2|x − 3| + 4. Kaniita ubaoni. Mimi narudia mtihani, hizi modulasi, yaani zile alama za | | zinazoondoa hasi ya namba, nimekesha nazo siku mbili, nikajua leo ni yangu. Jedwali sikuandika. Nikaanza na y = |x|, ile V yenye ncha kwenye sifuri. Alama ya kutoa ya mbele ikaigeuza kichwa chini, ile 2 ikaibana. Ndani kuna x − 3, nikaisogeza kulia hatua 3. Nje kuna + 4, nikaipandisha hatua 4. Ncha ikakaa (3, 4), miguu ikakanyaga mstari wa x kwenye 1 na 5. Imetulia kama paa la bati jipya!

Mzee akanyanyuka kimya, akaweka kiganja, akafuta kama anafuta kamasi za mtoto. "Jedwali liko wapi? Nani kakwambia grafu inachorwa kwa kusukumasukuma?"

Akaweka jedwali lake, x kuanzia −2 mpaka 2. Akapata −6, −4, −2, 0, 2. Akaunganisha. MSTARI MNYOOFU! Modulasi imenyooka kama nguzo ya umeme, kwa sababu inakunja kwenye 3 na yeye 3 hakufika! Darasa zima linanakili nguzo, chaki yangu iko kiganjani mwake!

Nikamwambia, "Mwalimu, jaribu 4 utapata 2, jaribu 5 utapata 0, inashuka." Akaniambia nikae, napoteza muda wa wenzangu. Buku yangu nimelipa! Kiganja, wakuu. Hata kitambaa hakutafuta.

Mkulima wa Ngogwe: Pole mkuu. Ila kwa paa hilo labda alidhani unajenga banda la kuku.

Binti Sayari: Huyo huyo! Alimwambia mdogo wangu |x + 5| inakwenda kulia kwa kuwa kuna jumlisha. Inakwenda kushoto! Mtoto kaingia nayo kwenye mtihani hivyo hivyo.

Kobe Mwendo: Chai hii. Mtu mzima unalilia kiganja? Ungeandika jedwali yaishe.

Mleta uzi: Kobe, ungekiona kile kiganja! Cheupe pe, grafu yangu yote iko pale!

Chuma cha Pua: Una bahati. Wetu wa fizikia anafuta kwa mate.

Mama Wawili: Afadhali nyie. Mwanangu anasoma kemia tangu Januari, testitubu anachorewa ubaoni.

Kobe Mwendo: Testitubu nini, konda leo asubuhi kanirudishia mia mbili badala ya mia tano. Nadai, ananiambia nikasome hesabu kwanza.

Chuma cha Pua: Hahaha, mpelekeni Kobe tuisheni!

Binti Sayari: Gari la njia ipi hilo Kobe? Lenye spika mlango wa nyuma?

Kobe Mwendo: Hilo hilo.

Mama Wawili: Mimi wiki iliyopita limenipitiliza vituo viwili.