Kutembeza mbwa, kuwaogesha au kuzalisha: ipi inanifaa hapa Nakuru?

Mtoto_wa_Lanet
Habari zenu wakuu. Nina akiba kidogo na nataka kuanza kitu kabla mwezi haujaisha. Nimebaki na njia tatu. Kwanza, kutembeza mbwa wa watu kule Milimani asubuhi na jioni, 300 kwa mbwa. Pili, kuwaogesha nyumbani kwao na kuwatia dawa ya kupe. Tatu, kununua jike la German Shepherd nizalishe. Kuna mtu ananishikia jike hilo mpaka Jumamosi. Wanyama nawapenda sana. Nishaurini.

Kijana_Njoro
Akiba kidogo ni ngapi? Una pikipiki au unategemea matatu? Umewahi kushika kamba ya mbwa wa kilo 40 akiona paka? Na hilo jike lina umri gani, lina kadi ya chanjo? Kupenda wanyama hata mimi napenda, hasa mbuzi.

Mama_Simba
Ogesha, mwanangu. Mimi nina mbwa wawili Kiamunyi. Wa kutembeza simtafuti, kijana wa shamba yupo. Lakini kumwosha mbwa mkubwa hakuna anayetaka, na kupe wakizidi mbwa anashikwa na homa, ufizi unapauka, unampoteza. Ila ujifunze vipimo kwanza. Watu wanachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wanakoroga kwa macho, mbwa anaanguka palepale.

Fundi_58
Ngojeni niseme lile ambalo hakuna anayelitaja. Binamu yangu alikuwa anatembeza mijibwa miwili ya mzee mmoja huku kwetu. Mzee analipa vizuri, kila wiki kwa M-Pesa. Mbwa wakamzoea hadi wakisikia viatu vyake nje ya geti wanaanza kulia kwa furaha. Usiku mmoja nyumba ikavunjwa: televisheni, mtungi wa gesi, hata viatu vya shule vya watoto. Mlinzi alikuwa amelala, au alisema amelala. Mzee akauliza swali moja tu: mbona mbwa hawakubweka? Akajijibu mwenyewe: kwa sababu mwizi wanamjua.

Binamu alikamatwa alfajiri getini, amekuja kazini, kamba iko mkononi. Wikendi nzima akalala ndani. Baadaye ndipo ikajulikana wale mbwa walirushiwa nyama iliyotiwa kitu, mchana kutwa walikuwa wamelegea hawasimami. Samahani hakuambiwa, na hela ya wiki ile hakuiona.

Mbwa wengi wa Nakuru ni wa ulinzi. Mchana wamefungiwa, usiku wanafunguliwa. Mwenyewe hataki wazoee mtu wa nje. Sasa wewe unakwenda kumuuzia nini?

Mama_Simba
Pole kwa binamu, lakini sikubaliani. Mbwa anayefungiwa kutwa mwaka mzima halindi, anabwekea hata upepo hadi majirani wanaacha kuamka. Dawa ni kujilinda: makubaliano ya maandishi, nakala ya kitambulisho kwa mwenye nyumba, na kila ukiingia na kutoka unaandika saa kwenye kitabu cha geti.

Fundi_58
Kitabu cha geti kinaandikwa na mlinzi yuleyule aliyelala, mama.

Jadolo_Kisumu
Huku Kisumu biashara hiyo ipo Milimani na Riat, ila saa za kazi ni chache. Ikifika saa nne lami inawaka. Weka mgongo wa mkono wako chini. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde chache, nyayo za mbwa zitababuka. Tena mbwa hatoi jasho kama sisi, anahema tu. Na wateja wenyewe wengi ni watu wa mashirika, mkataba wao ukiisha wanaondoka na mbwa. Mimi naona mchukue mbwa wa kienyeji, jua amelizoea.

Kijana_Njoro
Wa kienyeji anatembezwa na nani? Anajitembeza mwenyewe, anarudi jioni na mfupa wa jirani.

Jadolo_Kisumu
Cheka tu. Hao majamani wenu, German Shepherd, wakizeeka nyonga zinalegea, kuinuka tabu.

Kijana_Njoro
Ni wale wa kuzalishwa ovyo. Ukiona wazazi wote wawili wana nyonga nzima, shida inapungua.

Tabibu_Mifugo
Tuache ukabila wa mbwa. Mtembezaji atakutana na mbwa koko, hilo halina mjadala. Kila mbwa unayemchukua awe na chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu, uione kadi kwa macho yako. Wewe mwenyewe pia unaweza kuchanjwa kabla ya kuanza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kwenye kuzalisha, ogopa pavo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa. Virusi vyake vinakaa udongoni miezi, na uzao mzima unaweza kuisha ndani ya wiki.

Na usiwapeleke kwenye mbuga ya Ziwa Nakuru. Mbwa haruhusiwi mle.

Mtoto_wa_Lanet
Asanteni nyote. Akiba ni elfu 35. Naishi Lanet, natumia matatu. Kadi ya jike sijaiona, anasema ilipotea wakati wa kuhama.

Kijana_Njoro
Ilipotea!

Tabibu_Mifugo
Amchanje upya mbele yako, au aende zake na jike lake.

Mama_Simba
Kutoka Lanet ufike Milimani saa kumi na mbili asubuhi, urudi, uende tena jioni? Ondoa nauli kwenye hizo 300 ndipo uniambie. Ukianza kuogesha, kuna wangu wawili hapa Jumapili mchana, maji ya moto yapo.

Mtoto_wa_Lanet
Jumapili nitakuja mama. Lakini yule jamaa wa jike amenipigia tena, anasema kuna mnunuzi mwingine.

Fundi_58
Huyo mnunuzi mwingine huwa hakosekani. Nani anauza banda la mbwa la mbao, lisilo na mchwa?

Jadolo_Kisumu
Lipo, ila uje na pikapu mpaka Mamboleo.