Kahawa ya milimani Yemen: ilikuaje mpaka mirungi ikaipiku?

mtoto_wa_wete: Assalam alaykum wanabaraza. Jana usiku tumekaa barazani tunakunywa kahawa, mzee mmoja akasema kahawa yote ya dunia asili yake kwa Waarabu wa Yemen, tena milimani huko, na zamani walikua wakiuza peke yao. Mie nna mikarafuu ya babu huku Pemba ndo mana jambo lenyewe limenikaa kichwani. Walikua na kila kitu mkononi, wakapotezaje? Na naskia skuhizi watu wanang'oa mibuni wanapanda mirungi, yale majani ya kutafuna, kweli? Na jee, mibuni huku kwetu ingekubali?

Maalim_Chake: Waalaykum salaam. Mzee kasema kweli nusu. Mbuni asili yake misitu ya Uhabeshi, ndo Ethiopia ya leo, lakini Yemen ndiko ulikolimwa hasa kama zao, na masufi wa huko karne ya 15 walikua wakiinywa wapate kukesha kwenye dhikri. Hata maneno yetu haya, kahawa na buni, yametoka kwenye Kiarabu. Bandari ilikua Mokha, anaetaka buni aje pale. Kilichowavunja ni miche kutolewa ikapelekwa nchi nyengine. Waholanzi wakaotesha Java mwaka 1699, Wafaransa 1715 wakapeleka miche ya Yemen kisiwa cha Bourbon, ndo Réunion ya leo, mashamba makubwa ya watumwa yakazalisha kwa wingi, Mokha ikafifia. Na karafuu zetu zimetoka Maluku, visiwa vya Indonesia, zikapitia visiwa hivohivo vya Wafaransa ndo zikafika Unguja na Pemba. Yani njia iliyowapotezea wao ndo iliyotupa siye. Mie kila nikilifikiria hili nasisimka.

mshihiri_wa_malindi: Hayo ya mirungi ni kweli, nimeyaona kwa macho. Nlisoma mji wa Sanaa, Yemen, miaka ile kabla ya vita, Ijumaa moja rafiki yangu akanichukua kwao milima ya Haraz, juu ya Manakha, na njia yenyewe ukitazama chini kichwa kinazunguka. Mlima mzima umekatwa ngazi ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, udongo usishuke na mvua, ukuta ukibomoka pahala pamoja tu ngazi ya chini nayo inakwenda. Buni wanaianika juu ya dari ya nyumba na ganda lake, mama wa rafiki yangu alikua anaigeuza kwa viganja kila baada ya muda, kama bibi zetu na karafuu kwenye jamvi, nkatamani kulia. Sasa ngazi za chini karibu na kisima zote mirungi. Nkamuuliza baba yake kwanini, akanambia buni navuna mara moja kwa mwaka, mirungi nakata leo jioni nna pesa ya unga. Utamlaumu? Lakini mirungi inakunywa maji mno na visima vya upande wa Sanaa kila mwaka wanachimba chini zaidi.

shamba_la_konde: Mtoto wa Wete, ile ya Yemen ni aina ya arabika, inataka baridi ya juu, wao wanalima mita 1,500 mpaka 2,000 na zaidi, Pemba nzima hata mita 150 hatufiki. Aina ya robusta, kama ile ya Kagera, ndo inayostahmili joto. Panda miche miwili mitatu uani uione, lakini usikate mkarafuu kwa ajili yake, mkarafuu ukishakata kuusubiri tena uzae ni miaka sita saba.

mtoto_wa_wete: Ahsanteni sana Maalim na wote, sikati hata tawi inshaallah. Ami mshihiri, yale maganda ya buni baada ya kukobolewa wanayatupa?

mshihiri_wa_malindi: Hawatupi mwanangu! Ndo kishiri hiyo. Wanayachemsha na tangawizi na sukari, inakua rangi ya chai nyepesi. Kule milimani wengi hunywa hiyo, buni yenyewe inapelekwa sokoni.