Tupeane uzoefu: shule za kata pembezoni mwa Dar, matokeo na wingi wa wanafunzi

Mama wa Chanika
Ndugu zangu, mwanangu amepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa ya kata huku Chanika, na majirani wananishauri nimhamishe kwa sababu matokeo yake ya kidato cha nne ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) yana daraja la nne na sifuri nyingi. Naomba waliosoma, waliosomesha au waliofundisha katika shule za namna hii watueleze waliyoyaona wenyewe.

Mwalimu mstaafu
Nilifundisha Hisabati katika shule ya kata tangu miaka ya mwanzo ya MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004 na kutuletea shule hizi karibu kila kata. Kabla ya 2016 ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini juu yake kulikuwa na michango, na waliokosa kulipa walirudishwa nyumbani, wengine wasionekane tena. Ada na michango ilipofutwa, madarasa yalifurika kabla walimu hawajaongezwa, hasa sisi wa sayansi. Matokeo yakashuka na watu wakasema shule imekufa, ilhali miongoni mwa waliokuwa wakifanya mtihani sasa walikuwamo watoto ambao zamani wangekwishaacha masomo wakiwa kidato cha pili. Kwa hiyo, mama, usiishie kwenye madaraja: muulize mkuu wa shule walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofika chumba cha mtihani ni wangapi. Nimeshuhudia shule ikipongezwa kwa kufuta sifuri, kumbe ilikuwa imewakaririsha kidato cha tatu wote wasiofikia wastani iliojiwekea, na wengine ikawashawishi wajiandikishe kama watahiniwa wa kujitegemea. Pongezi za aina hiyo mimi sizihesabu.

Kijana wa Mbagala
Shikamoo, Mwalimu. Nilimaliza mwaka 2019, na kwetu tatizo kubwa lilikuwa daladala. Konda aliyepokea shilingi 200 kwa mwanafunzi alimpakia kwanza mtu mzima, hivyo wanaotoka mbali walikosa kipindi cha kwanza karibu kila siku, na kwa bahati mbaya ratiba yetu iliweka Hisabati asubuhi. Tulipoingia kambi ya kidato cha nne, yaani kulala shuleni kujiandaa na mtihani, wazazi wakichangia unga na maharage, tofauti ilionekana mapema: wanafunzi waliodhaniwa wazito walianza kupata C, kwa kuwa sasa walikuwapo darasani. Mama, pima kwanza umbali kutoka nyumbani hadi shuleni.

Baba wa Kigamboni
Nakubaliana na Mwalimu, ila niongeze kwamba hata matokeo mazuri yana gharama. Shule yetu ilipofanya vizuri, wazazi wa kata jirani walihamishia watoto wao kwetu, madawati yakapungukiwa, na mwalimu mmoja wa Fizikia akabaki na mikondo asiyoweza kusahihisha madaftari yake. Ukitaka kumhamisha mtoto, mama, uliza pia shule hiyo imepokea wangapi mwaka huu, kwa maana matokeo unayoyasoma ni ya waliosoma humo kabla ya msongamano.