Traiki ya kulalia mjini: magurudumu mawili mbele au mawili nyuma?

Taratibu_Tu: Wakuu, naomba ushauri wa haraka, muuzaji anataka jibu. Kuna traiki mbili za kulalia, yaani baiskeli za magurudumu matatu unazoendesha umeegemea nyuma, miguu mbele; zote zimetumika. Moja ina magurudumu mawili mbele na kiti kiko chini sana. Nyingine ina mawili nyuma, kiti kimeinuka. Ipi salama katikati ya magari?

MamaPedali: Mbona husemi njia unayopita? Ina milima? Magari yanakimbia? Magoti yako vipi?

FundiSpoku: Mawili mbele, usijiulize. Breki ziko kwenye magurudumu mawili yanayobeba uzito ukisimama ghafla. Ile nyingine mara nyingi inategemea breki ya gurudumu moja la mbele. Likiteleza, usukani nao umeondoka. Na ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka.

MamaPedali: Mjini nani anakata kona kwa kasi, Fundi? Cha muhimu ni kuonekana. Kwenye ile ya chini macho yako yako usawa wa vitasa vya milango.

Kigingi: Ninayo hiyo ya chini. Siku moja nimesimama kwenye taa, ukingoni mwa njia, likaja lori likasimama ubavuni pangu. Tairi lake limenizidi kimo. Mara indiketa ya upande wangu ikaanza kuwaka. Nikapiga kelele, wapi! Dereva yuko juu, bendera yangu iko chini ya dirisha lake. Baiskeli ya kawaida ungeruka nayo kando. Hii umelala, miguu iko mbele. Nikashika matairi ya mbele kwa mikono, nikajivuta nyuma kama mtu wa kiti cha magurudumu. Lori likakata kona, likang'oa pedali moja. Tangu hapo nasimama katikati ya njia, nyuma ya gari la mbele, nimwone dereva kwenye kioo chake. Wapige honi watakavyo.

Mzee_wa_Gia: Ndiyo maana baiskeli za kulalia zilipigwa marufuku mwaka 1934.

FundiSpoku: Mzee, usichanganye watu. Ile ilikuwa UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, tena kwa mashindano yao tu. Mwendesha baiskeli Mfaransa, Francis Faure, alivunja rekodi ya umbali wa saa moja mwaka 1933 akiwa amelala, wakubwa wakanuna. Usalama barabarani haukuhusika.

Mzee_wa_Gia: Marufuku ni marufuku.

Kigingi: Turudi kwenye mada. Yoyote utakayochukua: vioo pande zote mbili, taa ya nyuma iwake hata mchana, na pedali za kufunga mguu. Mguu ukiteleza ukagusa lami, traiki inaupanda.

Taratibu_Tu: Asanteni. Nilisahau kusema, ni ya mke wangu. Na njia yake ina reli za tramu.

MamaPedali: Ndiyo unasema leo! Traiki haikuangushi kwenye reli, lakini gurudumu jembamba linanasa kwenye mfereji. Azivuke kwa kukingama, asizifuate sambamba. Yeye mwenyewe amezikalia hizo traiki?

Taratibu_Tu: Bado. Nilitaka kumshtukiza.

MamaPedali: Haya. Mwambie muuzaji asubiri.

FundiSpoku: Asubiri nini? Mawili mbele.

Mzee_wa_Gia: Mnunulie baiskeli ya kawaida.