Mjadala: Mtu mzima kusema "my daddy", ni utoto?

Mleta mada: Wadau, wengi tuliojifunza Kiingereza darasani tunaamini kwamba ukishaota ndevu useme "my father" na "my mother", na kwamba "Mummy" na "Daddy" ni za watoto wa chekechea. Mimi napinga. Kwa wenye lugha yao, neno unalomtajia mzazi linaonyesha ulikotoka na tabaka lako kuliko umri wako.

Nenda Texas au Alabama: mwanamume mwenye wajukuu anasema "my daddy" na hakuna anayegeuza shingo. Uingereza, "Mummy" kinywani mwa mtu mzima ni alama ya watu wa juu. Mwaka 2012, kwenye sherehe za miaka 60 ya Malkia Elizabeth katika kiti cha enzi, Charles alianza hotuba yake kwa "Your Majesty" kisha "Mummy". Alikuwa na miaka 63, na umati ulishangilia.

Watu wa kawaida kusini mwa Uingereza wanasema "Mum". Panda Newcastle, au vuka Wales na Ireland, utasikia "Mam". Birmingham wengi wanasema "Mom", na ukidhani wameiga runinga za Marekani watakukasirikia, maana ndivyo walivyokuta kwao. Mtoto wa Newcastle akihamia London akarudi na "Mum", nyumbani wataona anajidai. Kwenye soga za kawaida hiyo "my mother" yetu ndiyo inayosikika kavu, kama unajaza fomu.

Pweza: Mkuu, unachanganya kuita na kutaja. Charles alikuwa anamwita mama yake, naye yupo palepale. Kumtaja mzazi kwa mtu baki ni habari nyingine. Mwingereza akiongea na ndugu wa tumbo moja anasema "Mum" tu, akiongea na mwenzake wa kazini anaongeza "my". Sisi tunamwambia hata kondakta "Mum said", kwa sababu kwetu "mama kasema" inatosha. Kwa hiyo wakitucheka wana haki.

Mleta mada: Na yule wa Texas? Baba yake hayupo pale, na anayeambiwa ni mtu baki kabisa.

Pweza: Huyo nakuachia. Lakini usije ukaniambia kijana wa Sinza anayesema "daddy" kwenye usaili wa kazi naye ni wa Texas.

Binti Tanga: Nyie mnagombania hayo, mimi huku Leeds kasheshe yangu ni ba'mdogo. Siwezi kumwita "uncle", kwetu mjomba ni wa upande wa mama. Basi nasema "my dad" kwa wote. Mwenzangu kazini akaniuliza: mbona baba yako juzi alikuwa Mombasa anauza vitambaa, leo yuko Tanga amelazwa? Nikamjibu wako watatu. Tangu siku hiyo ananitazama kwa huruma.

Mleta mada: Dada, hao watatu usimpunguze hata mmoja! Na ba'mdogo apone haraka.

Mzee Kahawa: Mmeruka lililo zito. Wapo wazungu wanaomwita baba mzazi kwa jina lake, John, mbele yake, mezani, na baba anaitika. Mleta mada, hilo nalo utaniambia ni mkoa na tabaka?