Mbolea ya 13-0-46 kwenye tangi la samaki: gramu 192 au 41?

Kombe_Tanga: Wakuu, salaam. Nina tangi la lita 100, mimea imeshiba na gesi ya kaboni naingiza. Duka la pembejeo nimepata naitreti ya potasiamu ya wakulima wa nyanya, mfuko umeandikwa 13-0-46. Nataka chupa ya mililita 500, kila dozi mililita 10, ipandishe naitreti miligramu 5 kwa lita. Nimepiga hivi: 5 × 100 = mg 500, gawa kwa 0.13, zidisha kwa dozi 50. Imetoka gramu 192! Programu ya kwenye simu inasema 41. Nani mwongo?

BiMajani: Hamna mwongo, kila mmoja kapima kitu chake. Namba tatu za mfuko ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na hiyo 13 ni naitrojeni tupu. Wewe unahesabu naitreti, yaani naitrojeni na oksijeni zake tatu. Naitreti ina uzito mara 4.43 wa naitrojeni iliyomo, kwa hiyo zidisha 13 kwa 4.43, utapata kama asilimia 58. Sasa 500 ÷ 0.58 = mg 862, mara 50 ni gramu 43. Programu imechukulia chumvi safi, ya asilimia 61. Gramu mbili hizo zisikukoseshe usingizi.

Na 46 nayo si potasiamu tupu, ni K2O, yaani potasiamu na oksijeni yake. Mara 0.83, inabaki 38. Kwa hiyo kila dozi inakuletea potasiamu kama miligramu 3.3 kwa lita, bure. Sulfeti ya potasiamu waachie wanaopenda kununua.

Kombe_Tanga: Shukrani Bi. Fosfeti je? Nataka iwe sehemu moja kwa kumi ya naitreti.

BiMajani: Tafuta 0-52-34. Hiyo 52 ni P2O5, yaani fosforasi na oksijeni yake, mara 1.34 ni fosfeti asilimia 70. Dozi inataka mg 50, kwa hiyo mg 71 za mbolea, na chupa nzima gramu 3.6. Mizani ya jikoni haitakufaa hapo, kaazime ya sonara. Changanya na naitreti chupa moja, hazigombani. Ila chuma kipe chupa yake, kikikutana na fosfeti kinaganda tope na mimea haipati kitu.

Sele_wa_Guppy: Mimi nina mbolea ya CAN (naitreti ya amonia na chokaa) imebaki shambani. Siwezi kuitumia hiyo hiyo?

BiMajani: Rudisha kwenye mahindi, baba. Nusu ya naitrojeni yake ni amonia ya chumvi. Maji yako yakiwa na pH ya 8, sehemu yake inageuka amonia kamili, na hiyo inaunguza matamvua ya samaki. Urea na DAP (fosfeti ya amonia) vilevile, hata kijiko usitie.