Wakuu naombeni ushauri: mwezi wa nane kwenye ndoa sijashika, wakwe wanasema kwao haichukui hata miezi mitatu

Mchaga_wa_Bariadi

Habari zenu wadau, mimi ni msomaji tu humu siku zote leo nimeamua kuandika maana usingizi sina. Nina miaka 27, natokea Marangu, nimeolewa Desemba mwaka jana na kijana wa Kisukuma, kwao Bariadi. Yeye yupo mgodini, anakaa kambini wiki tatu anarudi nyumbani wiki moja, sisi tunaishi Kahama. Mpaka leo hakuna kitu. Piriodi yangu haijawahi kunipiga chenga, siku 28 kama saa ya ukutani, na mara nyingi mume wangu akirudi tu siku tatu nne na mimi ndo naingia mwezini yaani anakuta nimenuna na nina chupa ya maji ya moto tumboni, basi tunajitahidi hivyo hivyo zile siku za mwanzo.

Shida imeanza ukweni. Mama mkwe hanisemi vibaya ila kila simu "mayu, hujambo, na huko tumboni hawajambo?" Wifi yangu ana miaka 22 ana watoto watatu. Juzi kwenye msiba shangazi wa mume kasema mbele za watu kwamba huku Usukumani mwali mwezi wa tatu tayari ana tumbo, labda huko mlimani kwenu baridi ndo inachelewesha. Nikampigia mama yangu nikitegemea atanitetea, na yeye ananiambia eti ni kweli sisi tunachelewa, yeye mwenyewe alikaa mwaka na nusu. Sasa nauliza, kuna ukweli kwamba kuna mikoa watu wanashika haraka kuliko mingine? Na kuna dada kaniambia nina chango, anauza dawa ya kusafisha kizazi elfu themanini. Ninunue?

Mzee_wa_Kiboriloni

Usinunue. Kizazi hakisafishwi kama sufuria. Mengine waje wenye utaalamu.

Ng'wana_Simiyu

Shemeji usichukie, shangazi zetu ndo walivyo. Ila ukweli usemwe, huku kwetu watu wanazaa bwana, mimi mwenyewe kwetu tupo kumi na moja. Nadhani damu inachangia na lishe, ugali wa mtama, maziwa, michembe.

Nesi_wa_zamu

@Ng'wana_Simiyu hapo unachanganya vitu viwili, ngoja nieleze maana hili linawaumiza wengi. Idadi ya watoto sio kasi ya kushika mimba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha Tanzania wastani ni watoto 4.8 kwa mwanamke, vijijini 5.5 mijini 3.6. Sasa hao wa mjini sio kwamba mayai yao yana uvivu, wameanza kuzaa wamechelewa, wanatumia uzazi wa mpango, wakifika wawili watatu wanafunga duka. Aliyeolewa na miaka 17 asitumie kitu chochote mpaka 45 lazima awe na timu ya mpira, lakini hiyo haikwambii kila mimba ilichukua miezi mingapi.

Kwa wawili wenye afya, umri wa ishirini na kitu, wanaokutana mara kwa mara bila kinga, nafasi kwa mzunguko mmoja ni kama moja ya tano mpaka robo. Ukikosa mwezi huu hujaumwa, umekosa tu. Ndani ya mwaka mzima wanandoa zaidi ya nane katika kila kumi wanakuwa wameshika, na waliobaki kama nusu yao wanashika mwaka wa pili. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linahesabu tatizo kuanzia miezi 12, sio mitatu ya shangazi. Ukiwa umevuka 35 ndo tunasema usisubiri mwaka, miezi sita inatosha kwenda kuonana na daktari.

Mama yako na mwaka na nusu wake na wewe upo hapa unaandika, sasa kuchelewa ni nini.

Mswahili_wa_Malmö

Huku Ulaya waliwahi kupima hiyo kitu unayouliza, kulinganisha maeneo. Kuna utafiti wa 1999 uliogusa Denmark, Ufaransa, Ujerumani, Italia na Sweden, waliwauliza wanawake mimba ilichukua muda gani. Tofauti zilikuwepo kweli, ila walioshika haraka ni wa kusini mwa Italia na wa kaskazini mwa Sweden. Sasa mimi nipo Sweden ya kusini tu meno yanagongana kila Januari, huko kaskazini ndo usiseme, na kusini mwa Italia watu wanaota jua. Kwa hiyo ile hoja ya baridi ya mlima mwambie shangazi haijasimama.

Omwana_wa_Bukoba

Maeneo yanaweza kutofautiana lakini sababu mara nyingi ni magonjwa, sio damu. Kwetu Buhaya enzi za mkoloni kulikuwa na tatizo kubwa la watu kukosa watoto mpaka serikali na wamisionari wakawa wanahangaika, na lililotajwa sana ni magonjwa ya zinaa. Afrika ya kati pia, Gabon, Kameruni, Afrika ya Kati yenyewe na sehemu za Kongo, wataalamu walikuwa wanaita ukanda wa ugumba, kisonono na pangusa (klamidia) zilikuwa zinaziba mirija ya watu hawajui hata kama wanaumwa. Dawa za kuua vijidudu zilipoenea watoto wakaanza kupatikana. Wahaya ni wale wale, ndizi zile zile.

Baharia_mstaafu

Mtoa mada samahani kwa swali, una uhakika mzee huko kambini hana mke mwingine? Migodini nimefanya kazi najua mambo.

Mzee_wa_Kiboriloni

Hajauliza hilo wewe.

Mama_Saumu_Mombasa

Pole dadangu. Kwani kabla ya ndoa ulikuwa ukitumia njia gani ya kupanga? Mimi nilitumia sindano ya miezi mitatu, nikaiacha, nikakaa karibu mwaka mzima siku zangu zavurugika tu. Wifi zangu washaanza maneno mpaka nikapelekwa kunywa kombe. Nilipoenda kliniki ndio nikaambiwa sindano hiyo ina kawaida ya kuchelewesha, wengi huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho na haimharibu mtu. Kijiti ukitoa hakina kusubiri hivyo. Sasa nina wawili, Saumu na kakake.

Mchaga_wa_Bariadi

@Mama_Saumu_Mombasa asante dada, hapana sijawahi kutumia chochote. @Baharia_mstaafu asante kwa kunipa stresi nyingine.

Fundi_Mitambo_Geita

Jamani mimi sio daktari ni fundi, nipo rosta kama ya mumewe, naona watu mnapita tu pale palipo na jibu. Wiki tatu ndani moja nje ni siku ngapi? 28. Mzunguko wa dada siku ngapi? 28. Kasema mwenyewe jamaa akirudi tu naye anaingia mwezini. Hizo ni gia mbili zenye meno sawa, zikishaanza kukutana sehemu mbaya zitakutana hapo hapo mwezi hadi mwezi mpaka mmoja wenu abadilishe. Dada chukua kalenda tuandikie tarehe.

Nesi_wa_zamu

Eeh Mungu wangu. Fundi umeniacha mdomo wazi, na mimi niliisoma ile sentensi nikapita.

Mchaga_wa_Bariadi

Ngoja natafuta, huwa naandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Piriodi: 3 Machi, 31 Machi, 28 Aprili, 26 Mei. Yeye alifika 27 Machi akaondoka 3 Aprili. Akaja 24 Aprili akaondoka 1 Mei. Akaja 22 Mei akaondoka 29 Mei. Juni na Julai hivyo hivyo.

Nesi_wa_zamu

Haya tuhesabu wote. Piriodi imeanza 31 Machi, hiyo ni siku ya kwanza. Kwa mzunguko wa 28 yai linapevuka kama siku ya 14, yaani 13 Aprili. Yai lenyewe linaishi saa 12 mpaka 24 tu, mbegu za mwanaume ndo zinaweza kungoja mpaka siku tano, kwa hiyo siku zenu za kupata ni kama 8 mpaka 13 Aprili. Mume wako tarehe 3 kashapanda basi. Tarehe 24 anarudi, yai limeshakufa siku kumi zilizopita. Mwezi unaofuata vile vile.

Dada yangu, wewe hujajaribu miezi nane. Fungate mlikaa pamoja muda gani?

Mchaga_wa_Bariadi

Alikuwa na likizo ya wiki mbili tu, basi.

Nesi_wa_zamu

Basi ukiweka vizuri sana umejaribu mara moja. Nafasi ya moja ya tano, mara moja. Na hapo umeshapewa jina ukweni na umetajiwa dawa ya elfu themanini.

Omwana_wa_Bukoba

Nacheka lakini inauma, ni ndoa ngapi za namna hii, madereva wa Tunduma, askari, walimu walioachwa mbali na waume zao. Watu wanahesabu miezi ya cheti cha ndoa badala ya kuhesabu siku za kitandani.

Ng'wana_Simiyu

Shemeji naomba radhi kwa niaba ya ukoo na mtama wetu.

Nesi_wa_zamu

Sasa la kufanya. Mume aombe kubadilishiwa zamu, akija wiki moja au moja na nusu baada ya wewe kuingia mwezini inatosha, na mkikutana siku moja ndiyo moja hapana mnatosheka, hakuna haja ya kuuana. Halafu akiwa nyumbani mpitie hospitali wote WAWILI, sio wewe peke yako. Mpime kaswende, VVU na hayo magonjwa mengine, na wewe uanze vidonge vya foliki asidi kabisa kabla hujashika. Mkipita mwaka wa kukutana siku zinazotakiwa bado kimya, kipimo cha kwanza kiwe cha mbegu za mume, ni rahisi na hakina maumivu kuliko wewe kuingizwa dawa kwenye mirija. Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume nao una mchango, ila nenda wodini uone nani anasindikizwa na mama mkwe.

Na kwa lile swali lako la mikoa, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ilisema mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba kwa kipindi fulani maishani, nchi tajiri asilimia 17.8, nchi za kipato cha chini na cha kati 16.5. Unaona pengo lilivyo dogo.

Baharia_mstaafu

Nimefuta kauli. Mjomba anaonewa na rosta.

Mchaga_wa_Bariadi

Wadau nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimemwonyesha mume wangu hizo tarehe, alikaa kimya kama dakika tano halafu akasema "kwa hiyo mimi nimekuwa nakuja kusalimia tu." Kapata mtu wa kubadilishana naye zamu, atakuja tarehe 26, mimi nitakuwa siku ya tisa. Ya elfu themanini sijanunua, yule dada kaniondoa kwenye grupu. Mama mkwe nimemweleza taratibu kwa simu, kasema "aah, kumbe," basi, tangu hapo anauliza hali ya hewa.

Kazini msimamizi kamuuliza mbona unabadilisha zamu ghafla, akamjibu anarudi nyumbani kulima.

Fundi_Mitambo_Geita

Na hapo hajadanganya.